Kumchora mtu mpaka haiba yake ionekane: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekusanya hapa maswali ambayo watu wananiuliza kila siku kuhusu kuchora picha za watu, hasa hili moja ambalo linarudi kila mara kwa maneno tofauti: nafanyaje ili picha isiishie kufanana naye tu, iwe yeye kabisa? Ya msingi yako juu, magumu yako chini, na swali likigusana na lingine nimekuelekeza huko ili nisirudie.

## Ya mwanzo

Kufanana na haiba si kitu kimoja?

Hapana, ingawa vinatembea pamoja. Kufanana ni vipimo, pua imekaa wapi, mdomo una upana gani, ukipima vizuri itafanana tu. Haiba ni namna huyo mtu anavyouvaa huo uso wake. Chukulia rafiki yako anatembea kule mbali, kakupa mgongo, uso hujauona lakini umeshamjua, kwa nini? Bega moja liko chini kuliko lingine, kichwa kinatangulia mwili, mkono mmoja hautulii. Hapo hakuna pua wala macho na bado ni yeye. Mi naamini kabisa haiba inakaa kwenye mazoea ya mwili, yale mtu anayafanya bila kujua kama anayafanya, na kazi ya mchoraji ni kukaa naye mpaka hayo mazoea yatoke yenyewe. Karibu kila jibu hapa chini linatokea hapo.

Kuna kauli ambayo watu wanaitoa mbele ya picha iliyoishia kufanana: "ni yeye, ila hayupo." Ukiambiwa hivyo usikasirike, umeambiwa ukweli mzito kwa maneno machache.

Kwa hiyo vipimo niachane navyo?

Usiachane navyo hata kidogo! Jifunze vile vya wastani vikae kichwani: mstari wa macho uko katikati ya kichwa, kuanzia utosini hadi kidevuni (wengi wanaoanza wanayapandisha macho juu mno), kati ya jicho na jicho inaenea nafasi kama ya jicho moja, sikio linaanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Sababu ya kuvijua ni kwamba hakuna mtu aliye wa wastani. Huyu macho yamekaribiana kidogo, yule nafasi kati ya pua na mdomo ni ndefu, na pale anapotoka nje ya wastani ndo pa kwake. Usipojua wastani huwezi kuona katoka wapi, na mkono wako utamrudisha kwenye sura ya kawaida bila hata wewe kujua.

Nianze na penseli, mkaa au rangi?

Mkaa. Unafutika kwa kidole, unakulazimisha uone mapande makubwa ya mwanga na kivuli kabla ya kope na nywele. Penseli inawavuta watu kwenye vitu vidogo mapema mno. Rangi ije ukishazoea.

Si wanasema utu wa mtu uko machoni?

Wanasema, na kuna ukweli, ila jicho lenyewe halina maneno mengi. Ile duara yenyewe haibadiliki sana mtu akifurahi au akihuzunika. Kinachobadilika ni vinavyoizunguka: kope ya juu imefunika mboni kiasi gani, kope ya chini imejikaza au imelegea, nyusi ya kulia imepanda kuliko ya kushoto. Chukua karatasi uzibe kila kitu kwenye picha ubakize mboni peke yake, utaona hakuna mtu pale.

Kosa ninaloliona sana ni ule weupe wa jicho kuwekwa mweupe pee. Kope ya juu inaangusha kivuli juu ya jicho, kwa hiyo sehemu ya juu ya ule weupe ni ya kijivu, na mara nyingi ni nyeusi kuliko unavyodhani. Ukiweka nyeupe safi mtu anakuwa kashtuka, picha nzima inakuwa imeshtuka. Ile nukta ya mwanga nayo, moja ndogo kwa kila jicho, upande uleule unakotoka mwanga, basi.

Afu usisahau kona za mdomo. Leonardo da Vinci kwenye Mona Lisa, aliyoianza karibu mwaka 1503, kona za mdomo na kona za macho kazififisha kwa matabaka membamba ya rangi hadi hakuna mstari unaoweza kuunyooshea kidole, na ndo maana kila anayeitazama anaona tabasamu tofauti. Kona za mdomo zikikaa vibaya kwa milimita moja tu, mtu mpole anageuka mwenye dharau.

## Kabla ya kushika brashi

Nitaijuaje haiba ya mtu ambaye ndo nakutana naye mara ya kwanza?

Usianze kumchora. Kaa naye, ongeeni, mikono yako iwe na kijitabu kidogo na unachora michoro ya dakika mbili mbili bila kujali kama inafanana. Siku ya kwanza mtu anakupa uso wa picha, ule anaoutoa mbele ya kamera, kidevu kimepanda, mdomo umefungwa vizuri. Huo uso hawezi kuushikilia kwa muda mrefu, unachosha, na ukiwa na subira utadondoka wenyewe.

Niliwahi kumchora mzee mmoja fundi cherehani aliyestaafu. Saa nzima ya kwanza alikaa wima kama anaapishwa, nimemchora mara nne na zote hazina kitu. Afu tukaanza kuongelea kazi yake ya zamani na hapo nikaona kidole gumba na cha shahada cha mkono wake wa kulia vinasugua upindo wa shati lake, taratibu, vinaupima ule uzi, vinaukunja na kuukunjua, na yeye mwenyewe hajui kama anafanya hivyo, huku macho yameshuka kidogo na kichwa kimeinamia kulia kama mtu anayesikiliza kitu kilichoko kwenye kitambaa. Ndo huyo. Nikatupa michoro yote minne nikaanza upya na ule mkono, uso nikauweka baadaye. Mke wake alipoiona hakutazama uso kwanza, alitazama vidole.

Nimwelekeze akaeje?

Mwelekeze kiti tu, mengine mwachie. Ukimpanga mikono na miguu unachora mawazo yako juu yake. Mi huwa namwambia akae hadi apate raha, afu naenda kuchanganya rangi nikiwa nimempa mgongo, nikigeuka tayari kakaa vile anavyokaa akiwa peke yake. Hapohapo nachukua chaki naweka alama za miguu sakafuni na kiwiko kwenye kiti, ili baada ya mapumziko arudi palepale.

Akae kwa muda gani?

Dakika 20 hadi 25, apumzike tano au kumi, arudi. Zaidi ya hapo shingo inakakamaa na unaanza kuchora maumivu. Jumla ya vikao inategemea mchoraji. Lucian Freud wa Uingereza alikuwa anakwenda taratibu sana, mchoraji mwenzake David Hockney alimkalia ili achorwe zaidi ya saa 100 mwaka 2002 kwa picha moja ya kichwa na mabega, ukubwa wa kawaida tu. Huhitaji kufika huko, ila elewa kwamba uchovu na hata kukinai kwa anayechorwa vina faida, maana kujipanga kunakwisha na anabaki mwenyewe.

Mwanga uweje?

Mmoja, unatoka upande na juu kidogo, dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. Mwanga ukitoka mbele kabisa uso unakuwa sahani. Vitabu vingi vinasema tumia dirisha la kaskazini, ila hiyo ni kwa nchi zilizo kaskazini mbali na ikweta ambako jua halipigi upande huo, karibu na ikweta jua linabadili upande kulingana na miezi, kwa hiyo angalia dirisha lenyewe usiangalie dira.

## Ukiwa kazini

Nianzie wapi kwenye uso?

Usianzie usoni. Anza na mwinamo wa kichwa ukilinganisha na shingo na mabega, ile mistari mitatu minne mikubwa, kwa sababu hapo ndo mazoea ya mwili yanapokaa (rudi swali la kwanza). Fumba macho nusu, uone mapande mawili tu, la mwanga na la giza, yapake. Kama mwinamo umeukosa, hata uchore kope moja moja utakuwa unapamba nyumba iliyojengwa upogo.

Kingine, picha yote ipande pamoja. Kuna watu wanamaliza jicho moja hadi linang'aa na sehemu nyingine ya kanvasi bado tupu, jicho la pili likija halikai kwenye sura ileile. Na weka kioo nyuma yako, kila nusu saa tazama kazi kupitia kioo, makosa yaliyojificha yanatoka yote.

Ngozi nyeusi naipataje? Yangu inatoka kama matope au majivu

Hili naulizwa kuliko yote na nina uchungu nalo, kwa sababu mafunzo mengi yameandikwa kwa kufikiria ngozi nyeupe peke yake, mtu anakuja kumchora ndugu yake anabaki na kahawia moja iliyoongezwa nyeusi kwenye kivuli na nyeupe kwenye mwanga. Hapo ndo tope na majivu vinapotoka! Nyeusi inaua rangi, nyeupe inaipoza.

Kivuli kitengeneze kwa kahawia nzito na bluu ya ultamarini, na pale kivuli kinapokutana na mwanga ongeza nyekundu iliyoiva au ile kahawia ya kutu, utaona damu inapita. Kwenye mwanga tazama mwanga wenyewe una rangi gani, maana ngozi nyeusi inang'aa na inaakisi: mtu akikaa karibu na dirisha, ile sehemu inayong'aa pajini mara nyingi ni ya samawati au zambarau hafifu, si nyeupe. Akikaa kwenye taa ya njano, inakuwa ya dhahabu. Kisha ujue uso hauna rangi moja, paji linaelekea njano, mashavu na pua na masikio yana wekundu zaidi, karibu na kidevu na taya inapoa. Weka kipande cha rangi, kiache, weka kingine pembeni yake, usivisuguesugue pamoja.

Kama rangi nyingi zinakuchanganya, jifunge kwa chache. Mchoraji wa Sweden, Anders Zorn, anajulikana kwa paleti, yaani seti ya rangi za kuchanganya, yenye rangi nne: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Nyeusi yake ikichanganywa na nyeupe inasimama kama bluu. Inafundisha sana, ingawa kwa ngozi iliyokoza mi naongeza ultamarini ya kweli.

Mikono niichore au niikwepe?

Ichore. Najua ni migumu. Lakini mtu amejifunza toka utotoni kuutawala uso wake, mikono hakuna aliyemfundisha kuitawala, kwa hiyo mikono haijui kudanganya. Yule fundi cherehani niliyemweleza juu ni mfano wangu wa siku zote. Anza na mkono mzima kama umbo moja, mfano wa glavu nene, vidole vije baadaye, kucha mwisho na pengine zisije kabisa.

Na nguo, kiti, vitu vya pembeni?

Viwe vyake na viwe vichache. Vincent van Gogh mwaka 1888 alichora viti viwili tupu, kimoja chake mwenyewe, kiti cha kawaida cha mbao chenye kiko na tumbaku, kingine cha rafiki yake Paul Gauguin, cha mikono, kina mshumaa na vitabu. Hakuna mtu kwenye picha hata moja na unawatofautisha. Ukiona kitu ambacho mtu anakishika kila anapofikiri, miwani, funguo, kiweke. Ua la kupamba tu liache.

Nimekwama, kila nikigusa uso unazidi kufa. Nifanyeje?

Acha kugusa. Kiukweli mara nyingi kinachoua ni kulainisha, umesugua kingo zote mpaka uso umekuwa wa plastiki. Uso hai una kingo kali sehemu chache na nyingine zimepotea. Chukua kisu cha rangi, kwangua ile sehemu iliyokufa, geuza kanvasi ukutani wiki nzima.

Na usione aibu kukwangua. Pablo Picasso alipomchora mwandishi Gertrude Stein kati ya 1905 na 1906, Stein alimkalia vikao zaidi ya 80 kwa maelezo yake mwenyewe, mwishoni Picasso akafuta kichwa chote na kuondoka. Alirudi baada ya miezi kadhaa akakichora bila Stein kuwepo. Nadhani vile vikao vyote havikupotea, vilikuwa vimeshamwingia, alichohitaji ni kuacha kunakili.

Nitajuaje imekwisha?

Ukiona unachogusa sasa hivi ni picha na si mtu, imekwisha.

## Simu, marehemu, watoto na mengine magumu

Naweza kuchora kutoka kwenye picha ya simu?

Unaweza, ila ujue picha inadanganya. Ikipigwa karibu sana, kama zile za mkono ulionyooka, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Ipigwe kutoka mita mbili au zaidi, afu usogeze kwa kukuza. Omba picha nyingi siyo moja nzuri, na zaidi ya zote omba video, hata ya sekunde 30 akiwa anaongea na mtu mwingine, humo utaona mazoea ninayoyasema.

Na uliza kama ina filta. Familia moja iliniletea picha moja tu ya mama yao, imelainishwa na programu, mikunjo hakuna, mimi sikuuliza nikachora nilichoona. Wakaja, wakanyamaza, mtoto mkubwa akasema ile kauli, ni yeye ila hayupo. Walikuwa wamekosa mkunjo mmoja katikati ya nyusi, ambao mama alikuwa nao toka enzi na ndo ulikuwa unawaambia leo kuna shida au hakuna. Niliuweka kwa mpigo mmoja wa brashi na mama akaingia chumbani.

Nikimchora marehemu?

Omba picha za kipindi kimoja cha maisha yake, usichanganye jicho la miaka 30 na taya la miaka 60. Afu waulize ndugu maswali ya mwili, usiulize "alikuwa mtu wa namna gani" maana watakwambia alikuwa mwema, na wema hauna umbo. Uliza alikuwa anakaaje akisubiri, alikuwa anashika nini, akicheka alikuwa anatazama wapi. Mtu mmoja atasimama kukuonyesha kwa mwili wake mwenyewe, na wengine wote watacheka au kulia, hapo umepata.

Mtoto asiyetulia?

Mpe kitu cha kufanya, chora michoro mingi ya haraka, unganisha. Kutotulia ndo haiba yake.

Tabasamu la meno?

Tabasamu linadumu sekunde, kikao kinadumu saa. Ukililazimisha linagandama na macho yanalikataa. Mi nachora ile sekunde kabla ya tabasamu au baada yake.

Aliyechorwa kasema hajipendi. Nibadilishe?

Kwanza tofautisha, je umekosea au umesema kweli? Waulize watu wanaoishi naye, siyo yeye, maana yeye anajijua kwenye kioo ambako kila kitu kimegeuka upande. Wakisema umekosea, rekebisha bila kiburi.

Wakisema ni kweli, hapo ni pagumu. Mchoraji John Singer Sargent alipoonyesha kule Paris mwaka 1884 ile picha ya mwanamke inayoitwa Madame X, watu walichukizwa hata na mkanda mmoja wa gauni ulioteremka begani, akauchora upya umekaa juu, na picha alikaa nayo hadi alipoiuza kwa makumbusho ya Metropolitan ya New York mwaka 1916. Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, naye aliichukia picha yake iliyochorwa na Graham Sutherland, aliyopewa na Bunge mwaka 1954 kwa kutimiza miaka 80, baadaye ikaharibiwa na watu wa nyumbani kwake. Sutherland alimchora mzee mzito aliyechoka na bado kashikilia kiti. Mimi mkanda ningeurekebisha. Ule uchovu nisingeufuta, ila ningeongea naye mapema, toka mchoro wa kwanza, aone ninachokiona kabla hakijawa kanvasi nzima mbele ya watu.

Na kama anayechorwa yuko chini ya mtu mwingine, nimchore cheo chake au yeye?

Tazama kazi ya mchoraji wa Hispania, Diego Velázquez, ya mwaka 1650, picha ya Juan de Pareja, mwanamume aliyekuwa mtumwa wake na msaidizi wake kwenye studio. Kamchora amesimama kageuka kidogo, mkono mmoja umepita kifuani, anakutazama moja kwa moja bila kuomba kitu. Mwaka huohuo Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru, na Pareja akaja kuwa mchoraji yeye mwenyewe. Cheo hukioni pale. Inauma kufikiria kwamba aliyemwona vizuri hivyo ndo huyohuyo aliyekuwa anammiliki, na sijui kama unaweza kuitazama ile picha bila kuyabeba yote mawili.

Kujichora mwenyewe kunasaidia?

Sana. Rembrandt alijichora kwa rangi mara 40 hivi, toka kijana hadi uzee. Shida ni kwamba utatoka na macho makali kila mara, kwa sababu unajikodolea kwenye kioo. Weka vioo viwili ujione kwa pembeni.

Mtu ninayemfahamu sana si ndo rahisi zaidi?

Ndo mgumu kuliko wote. Nilimchora mama yangu kwa siku mbili, amekaa mbele yangu kabisa, na nilikuwa na furaha na kazi, mkono unaenda wenyewe. Siku ya tatu dada yangu kaingia akatazama kanvasi akatazama kiti, akaniuliza, "mbona umemchora akiwa na nywele nyeusi?" Nikatazama. Mama nywele zimejaa mvi kuanzia kwenye paji hadi kisogoni, na bega la kushoto limeshuka, na mkono ule alioulaza pajani ulikuwa umeshikilia mwingine ili usitetemeke. Siku mbili nzima nilikuwa nachora mama wa utotoni. Nilikwangua yote, nikamwomba akae tena, na safari hii saa ya kwanza sikushika brashi.